Siku Tatu Nilizosahau Chupa

Jumatano, 5 Juni 1996

Nimeamka, nimewasha moto, nimemkorogea Anjela uji. Kanywa nusu bakuli. Nimemchana nywele. Baridi imebana, ukungu haukuondoka mpaka tulipofika barabarani.

Hospitali tena. Mara ya nne hii. Daktari kamfungua mdomo, kamulika tochi, kasema koo zima, ulimi mzima, masikio mazima. Mtoto wa miaka kumi, aliyekuwa anaimba kuliko wenzake wote wa komunyo ya kwanza. Mwezi wa tatu sasa hajatoa neno. Tangu siku tuliyomzika mdogo wake, Beno. Hata akijikwaa hasemi aa.

Safari hii wametupeleka chumba cha mwisho kwenye baraza. Watu wanakiita chumba cha vichaa. Nilijifunika kanga mpaka ndani. Kumbe yumo nesi tu, Sesilia, mnene, sauti ya chini. Kasema Anjela si kichaa. Kasema mwili unaweza kusema jambo ambalo mwenyewe hajui kama analisema. Nikaitikia kwa kichwa kama nimeelewa. Sikuelewa.

Kataka niandike kila siku. Kala nini, kalala vipi, kaota nini, kacheza na nani. Nikamwambia mimi niliishia la nne. Kasema la nne linatosha. Basi naandika kwenye daftari la hesabu la Anjela, kurasa zilizobaki. Yeye shule haendi kwa sasa.

Kaandikiwa dawa ya maji ya kumtuliza. Dirishani wakaniuliza chupa. Sikuwa nayo. Mtu yeyote anajua hospitali unakwenda na chupa yako. Tumerudi bila dawa.


Alhamisi, 6 Juni

Kala ugali na maharage. Kalala vizuri. Kama kaota hawezi kusema. Hilo Nesi hakulifikiria.

Kacheza na Bibi. Bibi ni mama mkwe wangu, nyumba yake iko upande wa pili wa uwanja. Wanachambua maharage pamoja. Bibi anaongea kwa wote wawili, anauliza na kujijibu. "Unasemaje? Baridi? Hata mimi naona baridi. Nilete kuni? Lete wewe, mwenye miguu." Anjela anacheka bila sauti. Mabega tu yanatikisika.

Mume wangu hapendi akae huko. Hasemi kwa nini. Najua kwa nini.


Ijumaa, 7 Juni

Haya sitamsomea Nesi.

Baba Mkubwa alikuja. Ni kaka wa mume wangu, baba mmoja, mama tofauti. Bibi si mama yake na hawajawahi kupendana. Amekuwa akinong'ona tangu matanga, leo kasema wazi. Nani alimpa Beno uji mchana ule? Bibi. Mtoto mzima asubuhi, jioni anatapika, anatokwa povu, jua halijazama kafa. Nani alimpaka Anjela mafuta kooni baada ya mazishi? Bibi. Basi mmoja kaliwa, na mwingine kafungwa ulimi asitaje.

Mume wangu aliangalia chini. Ni mama yake mzazi huyo.

Mimi sikusema ni yeye. Wala sikusema siye. Nilikwenda kuangalia kuku.


Jumapili, 9 Juni

Misa. Kwenye sala ya kujuta sauti ilinikauka, nikasogeza midomo tu. Anjela kaniangalia. Wawili tusiosema kwenye benchi moja.

Kutoka nje nilimwita Anjela, "Beno, shika kitabu." Watu walisikia. Mama mmoja akanishika bega, akasema ndivyo ilivyo kwa mzazi. Nilitamani ardhi inimeze.


Jumatano, 12 Juni

Kliniki. Nilimsomea Nesi ya chakula na usingizi. Akasikiliza. Akaniuliza kuhusu mazishi. Nikamwambia Anjela alilia sana kaburini, alitaka kusema kitu, akawa anakabwa na kilio, mimi nikamvuta kifuani nikamnyamazisha.

"Ulimnyamazisha."

"Ndiyo, Nesi. Nilimwambia nyamaza, mwanangu, nyamaza."

"Naye akanyamaza."

Nikasema ndiyo, alinyamaza. Kaandika kitu. Sikupenda alivyoandika.

Halafu akaniuliza kuhusu mimi. Nilizaliwa wapi. Nikamwambia ziwani, chini ya Liuli, baba mvuvi, nimeolewa huku juu kwa Wamatengo. Utotoni nilikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia mwoga. Nimekuwa mwoga siku zote, naogopa radi, naogopa barua, naogopa mtu akiniita kwa sauti. Kaniuliza nilianza lini. Nani anajua alianza lini kuogopa? Nikajikuta namwambia habari za mdogo wangu aliyekufa mchanga nikiwa na miaka sita. Alidondoka kutoka mgongoni kwangu. Nilikuwa nimembeba, kanga ikalegea. Sijui kama ndiyo iliyomwua, alikaa siku mbili akafa. Mama hakunigombeza. Hakusema kitu. Jina la yule mtoto halikutajwa tena nyumbani mpaka mama anakufa.

Sijawahi kumwambia mtu hilo. Mume wangu hajui.

Dirishani: chupa. Sikuwa nayo tena. Niliiosha jana, nikaianika kwenye uzio, ikabaki hapo hapo. Kijana wa dawa kasema, "Mama, leo nikutilie kwenye kanga?" Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka. Njia nzima nililia.


Ijumaa, 14 Juni

Tumeanza kuchuma kahawa. Anjela anachuma haraka kuliko mimi. Kala viazi. Kalala.

Nafikiri maneno ya Nesi. Alisema wapo wataalamu wa zamani huko Ulaya walioona kwamba mtu ana akili mbili. Moja anaijua. Nyingine haijui, ingawa ni yake. Jambo lisilobebeka linashushwa kule chini. Halifi. Linatafuta pa kutokea. Ndoto, ulimi kuteleza, mkono kufa ganzi, sauti kukatika.

Nilikuwa mgeni huku nilipoona mara ya kwanza wanavyochimba ngolo, mashimo yao ya kulimia. Kwetu ziwani majani tulichoma, basi. Huku wanayakata, wanayapanga miraba, wanayafukia, wanaacha mashimo katikati. Nikamwuliza Bibi, mbona hamchomi? Akasema, "Yaache huko chini, mwanangu, yatafanya kazi." Wiki nzima nimekuwa nikifikiri majani. Yako chini na yanafanya kazi.

Beno alikufa wakati wa kuchimba ngolo. Mwezi wa tatu.


Jumatatu, 17 Juni

Nimeota. Nesi hajaniuliza ndoto zangu ila naandika. Niko ziwani nafua. Maji ni ya rangi ya machungwa, yana povu tamu. Beno anakunywa kwa viganja. Namwambia kunywa, baba, kunywa ushibe. Ninafurahi kwenye ndoto. Hilo ndilo baya. Niliamka nikiwa nimefurahi.

Baba Mkubwa kaja tena. Kasema kapatikana mganga wa kunyoa. Anamnyoa mtu kichwa chote, anamnywesha dawa yake. Kama ni mchawi uchawi unatoka, kama siye hadhuriki. Hivyo ndivyo wanavyosema. Kijiji cha pili mama mmoja mtu mzima alinyweshwa mwaka jana, akalala hakuamka. Wakasema basi alikuwa mchawi kweli.

Bibi ana miaka sabini na kitu. Hawezi kunywa hata kahawa bila kifua kumbana.

Mume wangu kasema atafikiri.


Jumatano, 19 Juni

Kliniki. Nina hasira mpaka sasa, mwandiko unaniharibikia.

Safari hii chupa niliifunga mwenyewe kwenye kitambaa. Nakumbuka nikifunga fundo. Nimeishika njia yote mkononi. Tumefika dirishani, nimefungua kitambaa, ndani gunzi. Gunzi la kuzibia. Chupa haipo. Nimetembea na kizibo kutoka nyumbani hadi Mbinga.

Kijana wa dawa safari hii hakucheka. Alimwita Nesi.

Nesi kanikalisha. Anjela akabaki barazani. Akasema kwa upole, "Mama Anjela, chupa zimekukosea nini?"

Nikamwambia mimi ni msahaulifu. Akasema, "Kadi ya mtoto hujasahau hata siku moja. Sweta lake hujasahau. Daftari hujasahau. Unasahau chupa." Akasema kuna kusahau kwa kichwa na kuna kusahau kwa moyo. Moyo ukikataa kitu, mkono unatii.

Nikamwambia tumekuja kwa ajili ya mtoto, hatukuja kwa ajili yangu. Akasema, "Najua. Sina hakika kama ni mambo mawili."

Nilinyanyuka. Sikuaga. Nikamshika Anjela mkono nikamburuza mpaka nje ya geti. Mtu mzima na akili zangu, namburuza mtoto mgonjwa. Sirudi tena kule. Nesi mwenyewe ndiye kichaa.


Alhamisi, 20 Juni

Mume wangu kakubali. Kunyoa ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kaniambia huku anafunga viatu. Kasema, "Mama Anjela, unataka mtoto aseme au hutaki?"

Nikasema nataka.


Jumamosi, 22 Juni

Anjela hajala. Nadhani kasikia.

Bibi naye kasikia. Kaniita, kanipa mbegu zake za maboga na sufuria lake kubwa. Kasema, "Ukae navyo, hili linavuja kidogo pembeni." Nikauliza kwa nini ananipa. "Huoni baridi ilivyo? Vizee tunakufa baridi." Kacheka. Nikapokea sufuria. Mikono miwili, goti chini, ahsante mama. Nikaenda nalo nyumbani.

Ni mtu mbaya kiasi gani anayepokea sufuria.


Jumapili, 23 Juni

Nimejaribu kuikumbuka siku ile yote. Siku ya Beno. Nesi aliwahi kusema tuanze na ninayoyajua.

Nakumbuka kuamka. Nakumbuka lori la kwenda Kitai na mama mwenye bata. Nakumbuka soko la Kitai, mabasi ya Songea, vumbi. Nakumbuka kununua dawa ya kahawa. Enzi za ushirika ilikuja kwenye kopo lenye picha ya fuvu. Siku hizi ni soko huria, kila mtu anauza, yule muuzaji alinimiminia kutoka kwenye dumu lake. Nakumbuka kurudi. Nakumbuka kushuka barabarani na kikapu.

Halafu nakumbuka Beno anatapika.

Kutoka barabarani mpaka hapo hakuna kitu. Si kwamba nimeficha. Hakuna. Kama ukurasa umechanwa.

Alinimiminia kwenye nini? Nimeandika hapo juu alinimiminia, kalamu ikasimama.

Nimeacha. Nimekwenda kuchota maji ingawa ndoo zilikuwa zimejaa.


Jumanne, 25 Juni

Leo nimefanya kama mwendawazimu. Wote wako shambani wanachuma. Nilichukua kikapu kitupu nikaenda mpaka barabarani pale lori linaposhusha. Nikageuka nikarudi polepole, hatua kwa hatua, kama siku ile.

Kwenye mgomba wa kwanza, hakuna kitu. Kwenye kijito, hakuna. Uwanjani kwetu nikaketi kwenye kizingiti kuvua viatu kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, na ilikuwa imevimba siku ile. Hapo ndipo ilipokuja. Haikuja kidogo kidogo.

Naandika yote. Nisipoandika leo itashuka tena chini.

Kitai nilitaka kuwaletea watoto soda ya machungwa. Mwenye kibanda akasema chupa haitoki, kunywa hapa hapa. Nilikuwa na kiu. Nikainywa mimi. Yote, nimesimama pale kibandani, nikarudisha chupa. Halafu nikaenda kwa mwuza dawa ya kahawa. Akanimiminia kwenye chupa yake ya soda, ya aina ile ile, akaziba na gunzi. Nikaitia kikapuni.

Beno alikimbia kunipokea. Alining'ang'ania kanga. "Mama, umeniletea nini?" Kabla ya kuondoka nilikuwa nimemwahidi soda. Nilikuwa nimechoka, navua viatu. Nikasema, "Soda imo kikapuni, mwambie dada yako akufungulie."

Nilisahau kwamba nimeinywa? Au niliona aibu kuwaambia wanangu nimekunywa soda yao? Sijui. Naapa kwa Mungu sijui. Nimekaa kwenye kizingiti nikijiuliza mpaka kuku wakarudi bandani.

Na Anjela alikuja. Hii ndiyo iliyokuwa chini kabisa. Anjela alikuja na chupa mkononi, gunzi ameshalitoa, akasema, "Mama, inanuka." Nilikuwa nimempa mgongo. Nikasema, "Mpe mwenzio, acha uchoyo."

Akampa.

Baadaye Bibi alipoleta mkaa na mayai mabichi kumnywesha Beno, mimi nilikuwa nimeshaichukua ile chupa. Mimi mwenyewe. Nilikwenda nayo chooni, nikaitupa. Kisha nikarudi kupiga kelele na wengine. Nilijuaje kwamba niitupe kama sikujua?

Na kaburini Anjela alianza, "Mama, ile chupa," na mimi nikamvuta nikamfunika uso kwa kanga yangu. Nyamaza, mwanangu. Nyamaza. Nyamaza. Watu wote waliona mama anambembeleza mtoto. Hata mimi niliona hivyo.


Jumatano, 26 Juni

Nimerudi kwa Nesi. Anjela nilimwacha barazani na andazi. Nikamwambia yote, nimeangalia ukuta. Nilidhani atapiga yowe. Kanipa maji tu.

Nikamwuliza kama mimi ni muuaji. Kasema hilo si la chumba chake. Kasema akili yangu ilifanya ilichojifunza nikiwa na miaka sita, kwamba mtoto akifa jambo halitajwi.

Nikamwuliza na Anjela?

"Anjela anadhani kaua mdogo wake. Na mtu pekee anayejua ukweli alimwambia anyamaze. Ni mtoto mtiifu, mama."

Nikasema sasa nimwambie aseme? Niseme sema?

"Wewe kwanza ndiye useme. Mahali atakaposikia."

Sikusahau chupa leo. Kijana wa dawa kajaza, akasema hongera. Nimeiweka juu kabisa kwenye dari. Mikono inanuka hofu.


Alhamisi, 27 Juni

Sijasema.

Mume wangu alikuwa anafagia uwanja. Nilimwendea mara tatu. Mara ya tatu akauliza unataka nini, nikasema chumvi imekwisha.


Ijumaa, 28 Juni

Sijasema. Ataniua. Ataniacha. Atamchukua Anjela. Nitarudishwa ziwani na kitenge kimoja. Watu watasema mwanamke wa pwani ya ziwa kaua mtoto wa Wamatengo. Hayo yote nimeyawaza huku nachuma kahawa, na kikapu kimejaa mabichi matupu. Nimechuma mabichi siku nzima.

Bibi kaoga, kabadili kanga, kasali. Anamsubiri mganga kama anayesubiri padri.


Jumamosi, 29 Juni

Walikuja saa tatu. Mganga ni mtu wa kawaida tu, kavaa koti la mitumba, ana mafua. Watu walijaa. Wengine wamekaa kwenye uzio wetu. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, kasema yupo kama jirani tu.

Bibi alitolewa, akaketishwa kwenye kigoda, akavuliwa kilemba. Sikuwahi kukiona kichwa chake. Nywele nyeupe, chache, laini. Baba Mkubwa akasema, "Mama mdogo, tulia, usitusumbue." Bibi akamjibu, "Mimi nimetulia. Wewe ndiye unayetetemeka."

Wembe ukaanza. Nilikuwa nimesimama na Anjela mbele yangu, mikono yangu mabegani kwake. Upande wa kulia wote ukaisha. Kikombe cha dawa kilikuwa chini pale, kijani, kimefunikwa na jani. Nilikuwa nakiangalia hicho kikombe. Mtu anaambiwa kunywa na anakunywa.

Nikasema subirini.

Sauti haikutoka. Nikasema tena. Nikasema kwa Kimatengo ili wazee wote waelewe, na Kimatengo changu ni cha kuokoteza, watu wawili watatu wakacheka. Nikaendelea. Nikasema Beno hakulogwa. Alikunywa dawa ya kahawa. Niliinunua mimi, Kitai, kwenye chupa ya soda. Mimi nilisema ni soda. Anjela aliniambia inanuka, mimi nikamwambia mpe. Mtoto hana kosa. Bibi hana kosa. Kosa ni langu.

Hakuna aliyecheka tena.

Baba Mkubwa ndiye wa kwanza. Kasema Bibi kanitia maneno mdomoni, kwamba sasa kanifunga na mimi. Mganga akapiga chafya, akauliza kama aendelee au asiendelee maana ana safari. Mume wangu alikuja akasimama mbele yangu. Nikafumba macho. Hakunipiga. Alipita, akamwaga kile kikombe, akaondoka kwenda shambani. Mpaka naandika hajarudi kula.

Mwenyekiti kasema atafikiri kama jambo hili ni la polisi.

Anjela aliitoa mikono yangu begani, mmoja, halafu wa pili. Akaenda akaokota kilemba cha Bibi.


Jumapili, 30 Juni

Sikwenda misa.

Bibi aliniita. Kakaa kwenye kigoda kile kile, nusu kichwa nywele, nusu hakina. "Malizia basi. Watu watanionaje?" Nikachukua wembe. Nilipoanza, akasema, "Taratibu, nimebakiwa na hicho kimoja."

Nilipomaliza nikapiga magoti. Nikataka kusema nisamehe. Akanitangulia.

"Ulijua tangu lini?"

Nikasema sijui, mama.

Alijipapasa kichwa muda. "Ungesema ulijua, ningekukasirikia yakaisha. Sasa nitafanya nini na hiyo sijui yako?"

Nikafagia nywele.


Jumatano, 3 Julai

Kliniki tumekwenda. Nilimwuliza Nesi mbona bado hasemi, mimi nimeshasema yote mbele ya watu. Kasema, "Ulitaka aseme lini, Jumatatu saa nne?" Kacheka, na mimi nikacheka kidogo. Halafu kasema taratibu kwamba sauti ikirudi inaweza kurudi na hasira. Nijiandae. Nisimnyamazishe.

Mume wangu analala kwa Bibi. Ananisalimia asubuhi, kama anavyomsalimia jirani.


Jumatatu, 8 Julai

Nilimkalisha Anjela tukiwa wawili, kwenye miti ya kahawa. Nikamwambia maneno niliyoyapanga. Kwamba hakumwua mdogo wake. Kwamba aliniambia inanuka na mimi ndiye sikusikia. Kwamba yule aliyesema acha uchoyo alikuwa anajisema mwenyewe. Kwamba akitaka kunitukana anitukane.

Aliniangalia. Hakulia. Alichukua kikapu chake, akahamia mstari mwingine wa miti.


Jumapili, 14 Julai

Asubuhi baridi, jua limechelewa. Mwenyekiti bado anafikiri. Mume wangu kaja kuchukua jembe, kauliza kama nina unga.

Nilirudi kisimani na ndoo kichwani. Kufika nyuma ya jiko la Bibi nikasikia watu wawili wanaongea. Nikadhani ni mgeni. Sauti ilikuwa nene kidogo, yenye kukwaruza, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Ilikuwa inasema haya maharage yameliwa na wadudu, Bibi, hili nalo limeliwa, hili nalo. Bibi akasema, "Weka pembeni, tutawapa kuku." Sauti ikasema kuku wenyewe hawayataki.

Bibi akamwambia, "Nenda kamwambie mama yako umesema."

Nikasikia maharage yanadondoka kwenye bakuli, moja moja.

"Sitaki," akasema. "Bado sitaki."

Maji yalikuwa yananichuruzika shingoni, ndoo haikuwa na jani la kutuliza maji. Sikuitua. Nilisimama pale ukutani nikamsikiliza mpaka walipomaliza bakuli lote, kisha nikazunguka kwa njia ya juu, nikakohoa mbali, ili wasijue nilikuwepo.